Jinsi ya Kuandika Riwaya ya Kihistoria Kuhusu Mwanamke Muuaji: Mwongozo Kamili

Mary Ann Cotton alinyongwa katika gereza la Durham, kaskazini mwa Uingereza, asubuhi ya Jumatatu, 24 Machi 1873. Mahakama ilimtia hatiani kwa kifo kimoja tu, cha mtoto wake wa kambo Charles Edward, aliyekuwa na miaka 7. Lakini magazeti ya wakati ule yalipofukua maisha yake ya nyuma yalikuta waume watatu, mpenzi mmoja, mama mzazi na watoto 11, wote wamefariki katika nyumba alizopita, wengi wao kwa kile kilichoitwa homa ya tumbo.

Mwandishi akisoma habari kama hii, jambo la kwanza linalomjia ni "kwa nini?" Swali hilo linanoga kwenye mazungumzo, ila halibebi riwaya ya kurasa mia tatu, maana jibu lake hakuna aliyelipata na Mary Ann alikwenda kitanzini hajakiri. Linalobeba riwaya ni hili: ilikuwaje watu waliokula naye meza moja, wakamkabidhi wagonjwa wao awauguze, wasione? Humo mna kijiji kizima. Mna madaktari wenye haraka, mawakala wa bima, majirani wasiokosa la kusema, na sheria zenye mianya. Mwongozo huu unafuata njia hiyo. Mary Ann ndiye mfano wangu mkuu, kwa kuwa habari zake zina nyaraka nyingi na mapengo mengi kwa pamoja.

Hatua ya 1: Chagua kwa kuangalia aina ya upofu

Usimchague mwanamke kwa wingi wa maiti. Mchague kwa namna ambavyo jamii yake ilishindwa kumwona, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokupa umbo la kitabu.

Gesche Gottfried wa Bremen, Ujerumani, aliua watu 15 kati ya 1813 na 1827, wakiwemo wazazi wake, watoto wake na waume zake. Watu wa mji walimwita Malaika wa Bremen kwa jinsi alivyokuwa akiwahangaikia wagonjwa. Upofu wa hapo ni wa kusifia: kadiri alivyoua ndivyo alivyozidi kuonewa huruma na kuheshimiwa. Daria Saltykova, bibi wa kikabaila wa Moscow, ni kinyume chake kabisa. Watumwa wake walijua, walilalamika, na malalamiko yao yakapuuzwa mpaka wawili kati yao walipofanikiwa kumfikishia Malkia Catherine barua mwaka 1762. Mahakama ilithibitisha vifo 38. Pale watu walikuwa wanaona ila waliokuwa na mamlaka hawakutaka kusikia. Amelia Dyer, aliyenyongwa London mwaka 1896, alikuwa akilipwa achukue watoto wachanga wa mama wasioolewa na kuwalea. Hakuna aliyekuwa akiwatafuta watoto hao, na ndiyo maana aliendelea kwa miaka mingi. Kisha kuna dada wawili wa Alexandria, Misri, Raya na Sakina, walionyongwa mwaka 1921 pamoja na waume zao kwa kuua wanawake na kuwavua dhahabu. Maiti zilifukuliwa chini ya sakafu za vyumba vyao, katikati ya mtaa wenye watu tele.

Umeona tofauti? Kila mmoja anadai riwaya ya aina yake. Wa Bremen anataka riwaya ya ndani ya nyumba, polepole, yenye harufu ya supu. Wa Moscow anataka riwaya ya walalamikaji, na pengine yeye mwenyewe aonekane mara chache tu.

Tahadhari moja kuhusu majina makubwa. Elizabeth Báthory wa Hungaria ndiye anayewavutia waandishi wengi, kwa sababu ya kisa cha kuoga damu ya mabinti ili abaki kijana. Alifariki mwaka 1614. Kisa hicho cha kuoga damu kilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1729, zaidi ya karne moja baadaye. Ukitaka kuandika hekaya, andika, ni haki yako. Lakini jua unachoandika, usije ukajaza kitabu mabeseni ya damu halafu ukaweka "kisa cha kweli" kwenye jalada.

Hatua ya 2: Fungua daftari lenye safu tatu

Kabla ya sentensi ya kwanza ya riwaya, chukua daftari au faili la kompyuta na upange safu tatu: yaliyothibitika, yanayosemwa, na ya kwangu. Kila jambo utakalokutana nalo lazima lipate safu yake.

Kwa Mary Ann, safu ya kwanza itakuwa na mambo kama haya: Charles Edward alikufa Ijumaa, 12 Julai 1872, West Auckland, aseniki ilipatikana katika mabaki ya mwili wake, Mary Ann alijifungua mtoto wa kike gerezani Januari 1873, ndiyo maana kesi ikasubiri hadi Machi. Safu ya pili itabeba kisa cha baba yake. Baba alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe, akatumbukia katika shimo la mgodi na kufa Mary Ann akiwa bado mtoto. Hilo ni la kweli. Ila inasimuliwa pia kwamba maiti ililetwa nyumbani ndani ya gunia lenye chapa ya kampuni ya mgodi. Ni picha kali, na kila mwandishi anayeisikia hutamani ifungue kitabu chake. Iweke kwenye safu ya pili, ibaki huko mpaka uamue kwa macho makavu kama unaihitaji.

Safu ya tatu ndiyo riwaya yenyewe: alichosema usiku wa kwanza kwa mume mpya, namna alivyokunja nguo za marehemu, nani alimwogopa bila kujua sababu. Mara nyingi waanzaji huogopa kuijaza safu hii wakidhani wanadanganya. Hapana. Udanganyifu huanza pale unapochukua jambo la safu ya tatu na kulivalisha nguo za safu ya kwanza.

Idadi ya waliouawa ni mtego wa pekee. Utakuta Mary Ann anahesabiwa vifo 21. Mahakama ilithibitisha kimoja. Vingine ni tuhuma, baadhi nzito sana, baadhi nyepesi, kwa sababu watoto wa wakati ule walikufa hata bila muuaji: katika karne ya 19 Uingereza ilipoteza takribani watoto 150 kati ya kila 1,000 kabla hawajatimiza mwaka. Pengo hilo ni mali ya mwandishi. Katika riwaya yako kunaweza kuwa na kifo kimoja au viwili ambavyo msomaji hatajua kamwe kama vilikuwa mkono wa mtu au homa tu, na shaka hiyo itamsumbua kuliko uhakika.

Hatua ya 3: Soma nyaraka kama mtu asiyeziamini

Anza na zisizo na maneno mengi. Sajili za vizazi, ndoa na vifo, ambazo Uingereza ilianza kuziandika kitaifa mwaka 1837. Sensa za kila miaka kumi, zinazokuonyesha nani alilala nyumba gani usiku fulani. Vyeti vya ndoa vinavyosema kazi ya bwana harusi na ya baba yake. Nyaraka hizi ni kavu, lakini hazina chuki na mtu. Ukizipanga kwa tarehe utaona mwendo wa maisha: ndoa, kuzaa, kuzika, kuhama, ndoa tena. Ndoa ya nne ya Mary Ann, na Frederick Cotton mwaka 1870, ilifungwa wakati mume wake wa tatu, James Robinson, bado yu hai. Jambo hilo haliko kwenye ushahidi wa sumu, ila linakwambia mengi kuhusu mwanamke aliyejua kwamba sajili ya mji mmoja haizungumzi na ya mji mwingine.

Baadaye ndipo usome kumbukumbu za kesi na magazeti. Hapa kuwa makini. Maneno ya shahidi yamepita mkononi mwa karani aliyeyanyoosha, yakapita kwa mwandishi wa habari aliyeyatia chumvi, na wote walijua tayari kwamba mshtakiwa ni mwovu. Ukiona gazeti limeandika kuhusu "macho yake baridi", jiulize: kabla hajakamatwa, nani aliwahi kuyaona hayo macho kuwa baridi? Huyu ni mwanamke aliyeolewa mara nne. Kuna watu walimwona mzuri, mchangamfu, mwenye mikono ya huruma. Alifanya kazi ya uuguzi katika hospitali ya Sunderland, na mume wake wa pili, George Ward, alikuwa mgonjwa pale.

Tafuta pia vitu. Kitu kimoja kinachoshikika huokoa sura nzima. Katika kesi ya Amelia Dyer, polisi walipata njia kwa sababu karatasi iliyofungia mwili wa mtoto, uliotolewa mtoni Thames, ilikuwa na jina na anwani iliyofifia. Katika kesi ya Daisy de Melker, Afrika Kusini, mwaka 1932, mwenye duka la dawa aliona picha yake gazetini akamtambua kuwa ndiye mama aliyenunua aseniki akisema ni ya kumuulia paka mgonjwa, akatia saini katika daftari la sumu kwa jina la mume aliyetangulia kufa. Karatasi, saini, paka. Hivyo ndivyo vitu vya kusaka.

Hatua ya 4: Jua nyumba ilivyoendeshwa na nani alilipa

Hii ndiyo hatua ninayoipa uzito kuliko zote, na ndiyo wengi huiruka. Ukielewa pesa ya nyumba, nusu ya riwaya imejiandika.

Mwanamke wa mchimba makaa katika mkoa wa Durham aliishi mara nyingi katika nyumba ya kampuni. Mume akifa, nyumba inaondoka na kazi yake. Mjane mwenye watoto alikuwa na njia chache: aolewe haraka, apangishe chumba, afanye kazi ya kufua au kuuguza, au aende kwenye nyumba ya maskini ambako familia zilitenganishwa. Sasa ingiza bima. Makampuni yalikuwa yanauza bima ndogondogo kwa watu wa hali ya chini, wakala akipita mlango kwa mlango kukusanya senti. Mume wa kwanza wa Mary Ann, William Mowbray, alipofariki mwaka 1865, mjane alipata paundi 35, fedha iliyokaribia mshahara wa nusu mwaka wa kibarua. Mwandishi akiitaja paundi 35 bila kuonyesha inanunua nini, msomaji hatahisi kitu. Mwonyeshe kodi, viatu, deni la duka, ndipo umwonyeshe zile paundi juu ya meza.

Kisha sheria. Mwaka 1851 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya aseniki: muuzaji aandike jina la mnunuzi na sababu ya kununua, na aseniki inayouzwa kwa kiasi kidogo ichanganywe na masizi au nili ili isifanane na sukari au unga. Lakini ilibaki ikiuzwa ikiwa imechanganywa na sabuni laini kwa ajili ya kuua kunguni vitandani, na kunguni hawakukosekana katika nyumba zile. Upande wa pili, mpaka mwaka 1874 aliyekwenda kusajili kifo hakulazimishwa na sheria kuleta cheti cha daktari. Weka hayo mawili pamoja na utaona kwa nini kijiji hakikuona. Hawakuwa wajinga. Kila kitu alichokifanya Mary Ann, kwa nje, kilifanana na kile alichokifanya kila mwanamke wa mtaa ule: kununua dawa ya kunguni, kulipa bima, kumpikia mgonjwa uji, kulia.

Kwa sura za mwanzo, basi, kazi yako ni kumfanya msomaji azoee mambo hayo manne mpaka asiyaone tena. Akishayazoea, umemtia upofu uleule.

Hatua ya 5: Amua nani asimulie

Nafsi ya kwanza ya muuaji mwenyewe inavutia, na mimi nashauri uikimbie, angalau kwa rasimu ya kwanza. Akianza kusema "mimi" atalazimika kujieleza, na akijieleza utamtafutia sababu, na sababu ikishapatikana kitabu kimefungwa kabla ya katikati. Wapo waliofanikiwa kwa njia hii, lakini wote walimfanya msimulizi mwongo, na kuandika uongo unaovutia kwa kurasa mia tatu kunahitaji mkono uliokomaa.

Angalia waliokuwa pembeni. Katika maisha ya Mary Ann kuna mtu mmoja ambaye ni zawadi kwa mwandishi: James Robinson, mume aliyepona. Alikuwa mjane, fundi wa kuunda meli huko Sunderland, akamwajiri Mary Ann mwaka 1866 kuwa msimamizi wa nyumba. Muda si mrefu watoto wakaanza kufa. Akamwoa. Watoto wakaendelea kufa. Kilichomfanya amfukuze hakikuwa sumu: aligundua madeni aliyofichwa, fedha za kuweka benki zilizopotea, na kwamba wanawe wakubwa walikuwa wakitumwa kuweka rehani vitu vya nyumbani. Mary Ann alikuwa pia akimsukuma akate bima ya maisha, naye hakukata. Alifukuza mwizi. Miaka michache baadaye anasoma gazetini kwamba aliyemfukuza ni nani. Fikiria mtu huyo akikumbuka kila kikombe cha chai. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na huyu aliivua nguo hiyo kwa sababu nyingine kabisa.

Njia nyingine ni kupokezana: sura ya jirani, sura ya daktari, sura ya wakala wa bima, kila mmoja akijua kipande. Inafaa sana kwa swali la "ilikuwaje hawakuona", ila ina gharama. Kila sauti lazima iwe na kazi yake, hofu zake na maneno yake, la sivyo utakuwa na mtu mmoja aliyevaa kofia tano.

Hatua ya 6: Vifo vingi bila kumchosha msomaji

Tatizo la kiufundi la riwaya hizi ni kwamba tukio kuu linajirudia. Kifo cha kwanza kinashtua, cha nne kinachosha, cha saba kinakuwa kichekesho. Huwezi kuviandika vyote kwa uzito mmoja.

Chagua kimoja ukiandike chote, kuanzia mgonjwa anapolalamika mpaka jeneza linapotoka, msomaji akiwa chumbani muda wote. Kingine kisikike tu kupitia ukuta wa jirani. Kingine kije kama mstari mmoja wa sajili: jina, umri, sababu. Kingine usikitaje kabisa. Msomaji agundue kwamba kwenye sura mpya kiti kimoja mezani hakina mtu na hakuna anayelizungumzia. Na kimoja kikatike katikati, mtu apone, aondoke na asijue aliponea wapi.

Waliokufa wapewe maisha kabla ya kufa. Charles Edward wa kwenye gazeti ni mwathirika tu. Wa kwenye riwaya yako anahitaji angalau jambo moja analolipenda, jambo moja linaloudhi, na mtu mmoja anayemngojea. Ukishindwa kuandika kurasa mbili za mtoto huyo akiwa mzima na mwenye furaha, bado hujawa tayari kuandika kifo chake.

Kuhusu sumu yenyewe: hakuna msomaji anayehitaji vipimo, namna ya kuandaa, wala muda inaochukua. Acha yote hayo. Andika chumba cha mgonjwa: ndoo, mashuka, dirisha lililofungwa, daktari anayetazama saa yake, na mkono unaoinua kichwa cha mgonjwa ili anywe. Huo mkono ndio unaotisha, kwa sababu ni mpole.

Hatua ya 7: Geuza ushahidi kuwa tukio

Tuchukue mfano halisi tuufanyie kazi. Julai 1872, Thomas Riley, ofisa wa kijiji aliyeshughulikia misaada ya maskini, alimwomba Mary Ann amuuguze mgonjwa wa ndui. Alijibu kwamba mtoto ndiye kikwazo, akauliza kama anaweza kupelekwa kwenye nyumba ya maskini. Riley akamwambia ingebidi aende naye. Mary Ann akasema, kwa maana ya maneno yake, kwamba mtoto hatamsumbua muda mrefu, atakwenda kama kina Cotton wengine. Siku chache baadaye mtoto akafa, na Riley akaenda polisi.

Mwandishi mvivu ataandika hivi: "Mary Ann alitoa tabasamu la kishetani, macho yakimwaka. 'Atakufa tu kama wenzake!' alisema kwa sauti ya kutisha." Tabasamu hilo limeua tukio lote, kwa sababu mtu akitabasamu kishetani mlangoni kwake kila mmoja angemwona, na hoja yetu ni kwamba hawakumwona.

Sasa jaribu namna hii:

Riley alisimama mlangoni, kofia mkononi, akamweleza habari za mgonjwa na malipo yake.

"Ningekuja leo hii," alisema Bi Cotton, akikung'uta kitambaa cha meza kizingitini. "Ila nina huyu."

Huyu alikuwa amechuchumaa kando ya jiko akiokota vipande vya makaa vilivyodondoka, kimoja kimoja, akivirudisha ndooni bila kuvigonga.

"Kule nyumba ya maskini hakuna nafasi?"

"Ingebidi uende naye, Bi Cotton."

Alicheka kidogo. Akakunja kitambaa mara mbili, akakilaza begani. "Basi, Bwana Riley. Hatanisumbua muda mrefu. Atakwenda kama kina Cotton wote."

Mtoto aliinua uso. "Yamekwisha, mama."

"Vizuri. Kanawe."

Riley alifika kona ya barabara ndipo akagundua kwamba hakuaga.

Mlolongo wa mazungumzo unatoka kwenye ushahidi. Makaa, kitambaa, na lile neno "Kanawe" ni vya safu ya tatu. Angalia kwamba sentensi ya kutisha imesemwa kama mtu anavyotaja hali ya hewa, na kwamba mtoto yuko chumbani. Kama alikuwepo kweli au la, mimi nimemweka, kwa sababu Riley anahitaji kumwona akiwa mzima ili kesho kutwa ashindwe kuvumilia. Hakuna kivumishi kinachomlaani mtu yeyote.

Zoezi lako: chukua ushahidi wa aina hii kutoka kesi uliyochagua, uandike tukio la ukurasa mmoja bila kutumia maneno mwovu, katili, baridi, shetani wala damu.

Hatua ya 8: Usimpe jeraha moja la utotoni

Hapa tunarudi kwenye lile gunia. Ukifungua riwaya na msichana mdogo akitazama maiti ya baba yake gunini, msomaji atalichukua kuwa ufunguo, na kila kifo kitakachofuata kitapita tundu hilohilo. Maelfu ya watoto walipoteza baba migodini na hawakumtilia mtu sumu.

Ninachoshauri ni kumpa mambo madogo yanayokinzana. Awe mtu anayependa nyumba safi. Aogope madeni na bado aendelee kukopa. Awe na huruma ya kweli kwa mgonjwa wa leo, na awe amechoka na yule wa jana. Muuaji wa aina hii haingii jikoni akiwa amebadilika kuwa mtu mwingine, anaingia yuleyule. Msomaji akimwelewa katika mambo tisa na akashindwa katika la kumi, umefanya kazi yako.

Na usikimbilie lugha ya daktari wa akili wa leo. Watu wa 1872 walisema dhambi, tamaa, laana, ukosefu wa malezi. Wahusika wako wafikirie kwa vichwa vya wakati wao.

Hatua ya 9: Mahakama isiwe muhtasari

Sura za kesi huharibika kwa sababu mwandishi anaona hapa ndipo pa kueleza yote. Kumbuka msomaji tayari anajua. Mpe asichokijua.

Mfano: utetezi wa Mary Ann ulidai kwamba mtoto alivuta aseniki iliyotoka kwenye rangi ya kijani ya karatasi za ukutani. Ukisoma haraka unacheka. Lakini rangi za kijani zenye aseniki zilikuwepo kweli majumbani wakati ule na ziliwadhuru watu kweli. Wakili hakuwa akibwabwaja. Andika tukio hilo kwa macho ya mjumbe mmoja wa baraza la wazee wa mahakama, ambaye nyumbani kwake ukuta wa chumba cha watoto ni wa kijani, na hatasikia neno lingine mchana kutwa.

Vilevile, uchunguzi wa kwanza wa kifo cha Charles Edward ulitoa uamuzi kwamba amekufa kifo cha kawaida. Ni Dokta Kilburn, aliyekuwa amehifadhi sampuli, aliyepima baadaye na kukuta aseniki. Siku zile za kati, ambapo kila mtu amesharudi nyumbani na sampuli iko kwenye chupa rafuni, zinastahili sura yake kamili.

Kunyonga kupite haraka. Kunatamanisha kuandikwa kwa kirefu, ila hakuna swali la riwaya linalojibiwa pale.

Hatua ya 10: Walio hai, na ukurasa wa mwisho

Kadiri kesi ilivyo karibu na leo ndivyo unavyogusa watu walio hai: wajukuu wa waliouawa, na wajukuu wa muuaji pia. Sheria za kuchafua jina hutofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo muulize mwanasheria kabla ya kuchapisha kama kuna yeyote anayeweza kutambulika. Kwa matukio yaliyopita zaidi ya karne, mzigo ni wa heshima. Ukihitaji daktari mzembe au wakala mla rushwa ambaye nyaraka hazimtaji, mtunge na umpe jina la kubuni. Usimbambikie mtu halisi aliyelala kaburini kosa ambalo hakufanya ili njama yako ikamilike. Ukibadili mambo mengi kupita kiasi, badili hata jina la mhusika mkuu, na hapo utapata uhuru wote unaoutaka.

Mwishoni mwa kitabu weka maelezo ya mwandishi, ukurasa mmoja au miwili. Rudi kwenye daftari lako la safu tatu, useme kwa uwazi ni kifo kipi kilithibitishwa, ni vipi vilibaki tuhuma, nani umemtunga, ni tarehe zipi umezisogeza. Yaandike maelezo hayo wakati rasimu ya pili imekamilika, kabla ya kumpelekea mhariri, kwa sababu ukiyaandika utakutana na angalau sehemu moja ambapo wewe mwenyewe umesahau kama jambo ulilisoma au ulilitunga. Hiyo sehemu irudie kwenye nyaraka kwanza.